Tamaa Ikikatika, Tumaini Lasalia: Habari za Rabai, 1844 hata 1889

Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja, nayo si mamoja: tamaa na tumaini. Yote mawili asili yake ni Kiarabu. Tamaa ni hamu ya kupata kitu, nayo yaweza kuwa njema au mbaya: mtu ana tamaa ya mali, mwingine ana tamaa ya cheo, na mama ana tamaa ya kumwona mwanawe amepona. Tumaini latoka katika neno lenye maana ya kutulia, yaani moyo kukaa katika amani kwa sababu umepata pa kuegemea. Basi tamaa ni kama kamba iliyofungwa kwenye kitu tunachokitaka. Kitu kikiondoka, kamba hukatika, nasi twasema mtu huyu amekata tamaa. Lakini tumaini hutazamwa kwa pale lilipoegemea. Likiegemea mahali pasipotikisika, lasalia hata kamba zote zikiwa zimekatika.

Jambo hili si la wataalamu wa maneno peke yao. Kila mwalimu wa dini amekwisha kuulizwa na mtu mwenye msiba, "Nilimtumaini Mungu, mbona sikupata?" Na mara nyingi jibu alilopewa ni hili: "Zidi kuamini, nawe utapata." Jibu hilo lafaa siku chache, kisha lavunjika mikononi, maana limechukua tamaa na kuivika nguo za tumaini. Nami naona kwamba habari za mwanzo wa Ukristo katika pwani yetu, zikisomwa kwa utaratibu, zatupa jibu lililo bora. Kwa hiyo nimezipanga hapa kwa miaka yake.

Kaburi la ng'ambo

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen katika nchi ya Ujerumani. Alifundishwa katika chuo cha misioni cha Basel, akatumwa na chama cha Waingereza kiitwacho C.M.S. kwenda Habeshi, akafika huko mwaka 1837. Kazi yake ya Habeshi haikudumu. Alifukuzwa Tigre mwaka 1838. Akaenda Shoa, akakaa miaka kadhaa. Na mwaka 1842 alipotoka kwenda pwani, njia ya kurudi ikafungwa. Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu tena kuingia Habeshi mwaka 1843, Bibi Krapf alijifungua njiani, nyikani, kabla ya wakati, na mtoto akafa. Wakamwita Eneba, ambayo kwa Kiamhara maana yake ni chozi.

Hiyo ndiyo hali waliyokuwa nayo walipofika Unguja mwezi wa Januari 1844: nchi waliyoipenda imefungwa, na mtoto wao wa kwanza wamemwacha kaburini katika nchi kavu. Seyyid Said aliwapokea vema, akampa Krapf barua kwa maliwali wake kuwaagiza wamtendee mema. Mwezi wa Mei wakakaa Mombasa. Mwezi wa Julai Bibi Krapf akajifungua mtoto wa kike, na homa ikawashika mume na mke pamoja. Tarehe 13 Julai bibi akafa, na siku chache baadaye mtoto akamfuata.

Bibi Krapf alikuwa ametaka azikwe bara, si kisiwani, ili wapitao njia waone kaburi lake na kukumbushwa sababu iliyowaleta wageni hawa katika nchi. Alizikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, na kaburi liko hata leo. Krapf, naye mwenyewe akiwa bado mgonjwa, aliwaandikia wakubwa wake Uingereza. Shabaha ya maneno yake ilikuwa kwamba kaburi lile la peke yake ni alama ya vita vilivyoanzwa, na kwamba kwa kuwa Kanisa husonga mbele juu ya makaburi ya watu wake, basi wajue saa ya kazi ya Afrika imekaribia.

Watu wengi hulisifu neno hilo kwa ushujaa wake. Mimi natamani msomaji aangalie jambo jingine. Krapf hakusema kwamba Mungu atamlipa mke mwingine na mtoto mwingine, wala hakusema kwamba hakuumia. Kamba za tamaa yake zilikuwa zimekatika zote: Habeshi, mke, watoto wawili. Alichobakiwa nacho ni kazi aliyoanza tarehe 8 Juni, wiki chache kabla ya msiba, nayo ni kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin wa Barawa, kadhi wa Mombasa, mtu wa dini nyingine na mjuzi wa lugha. Baada ya mazishi Krapf akairudia karatasi yake. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zikapigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za mashariki.

Mlima wa Rabai

Mwaka 1846 akaja mwenziwe, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Gerlingen katika Württemberg. Mwezi wa Agosti wawili hao wakapanda kwenda Rabai, katika nchi ya watu walioitwa siku zile Wanyika, ambao leo huitwa Mijikenda. Walipanda wote wawili wakiwa na homa, na punda alikuwa mmoja. Wazee wa kaya walikuwa wamekwisha kuwapa ruhusa ya kujenga. Nyumba ikasimama, na sala zikaanza. Lakini wasikilizaji walikuwa wachache, na waliokuja leo kesho hawakuja.

Wala haifai kuwalaumu watu wa Rabai. Walikuwa na kaya yao, na wazee wao, na sala zao za mvua na za mazao, na uganga wao. Tena walikuwa na hofu ya njaa na ya vita. Mgeni aliyekuja na kitabu hakuwa na lolote machoni pao lililozidi hayo. Krapf aliandika maneno makali mengi juu yao, na msomaji wa leo ataona kwamba mahali pengine hakuwafahamu. Hata hivyo walimvumilia mlimani pao, na hilo nalo ni neno la kukumbukwa.

Mtu wa kwanza aliyesikia kwa moyo alikuwa kilema mmoja, jina lake Mringe. Alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa, naye akafa. Hivyo baada ya miaka saba tangu kufika Mombasa, misioni ilikuwa na Mkristo mmoja, naye yuko kaburini. Wa pili alikuwa Abe Gunja, ambaye baadaye alibatizwa, na mwanawe Nyondo vile vile, aliyeitwa Isaac.

Wasaidizi waliotumwa kutoka Ulaya nao hawakudumu. Johannes Wagner alifika mwaka 1849 akafa mwaka ule ule. Conrad Pfefferle alifika mwaka 1851, akafa muda si mrefu. Mafundi waliokuja kujenga walirudishwa kwao na homa. Mwaka huo wa 1851 Krapf alisafiri Ukambani kutafuta mahali pa kituo kipya, pamoja na Kivoi, mkubwa wa Wakamba. Karibu na mto Tana wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia porini peke yake, hana chakula. Alichota maji ya mto kwa mtutu wa bunduki na kwa mfuko wa darubini yake, kwa sababu hakuwa na chombo kingine. Alirudi Rabai hai, lakini kituo cha Ukambani hakikuwapo. Mwaka 1853 afya yake ilivunjika, akaondoka pwani.

Tena neno lao halikusadikiwa hata huko kwao. Rebmann aliiona Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848, na Krapf aliuona mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Mwanajiografia mmoja wa London, Desborough Cooley, aliandika kwa nguvu kwamba haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta. Wakakaa miaka zaidi ya kumi katika kuhesabiwa kuwa watu waliodanganyika macho, hata safari za Karl Klaus von der Decken za 1861 na 1862 zilipothibitisha habari ya Kilimanjaro.

Aliyebaki

Krapf alipoondoka, Rebmann akabaki. Wawili hao walipendana, lakini hawakuwa na shauri moja. Krapf alitaka mfululizo wa vituo kutoka pwani hata kuvuka bara zima. Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha, na kungoja. Watu wa kale walisema kutangulia si kufika, nalo ni jibu linalomfaa yule wa kwanza; lakini hata anayekaa aweza kuulizwa, "Wangoja nini?"

Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Alioa mwaka 1851 huko Misri, akamleta mkewe Rabai. Mtoto wao wa pekee aliishi siku chache. Mwaka 1857 Wamasai walishambulia nchi, watu wa Rabai wakatawanyika, naye akakimbilia Unguja, asirudi kwa muda wa miaka miwili hivi. Mwaka 1866 mkewe akafa. Kisha macho yake yakaanza kuwa na giza. Sir Bartle Frere alipofika Rabai mwaka 1873 kwa ajili ya shauri la kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mtu aliyezeeka kabla ya wakati, karibu kipofu, pamoja na Wakristo wachache ambao mtu aliweza kuwahesabu upesi.

Je, alifanya nini miaka yote hiyo? Alikusanya maneno. Alikuwapo Mombasa mtumwa mmoja jina lake Salimini, mtu wa upande wa ziwa Nyasa, aliyeibwa kwao akaletwa pwani. Tangu mwaka 1853 Rebmann alikaa naye, akamwuliza neno moja moja la lugha ya kwao, akaliandika. Alikusanya vile vile maneno ya Kinyika na ya Kiswahili cha Mvita, akaifasiri Injili ya Luka. Hapakuwa na mtu wa Nyasa wa kukisoma kitabu kile, wala misioni yoyote huko Nyasa, wala njia ya kufika huko. Kwa hesabu ya tamaa, kazi hiyo ni ya mtu aliyechoka akili. Kwa hesabu ya tumaini, ni kazi ya mtu aliyemwachia Mungu jambo la lini na la nani.

Mwaka 1875 aliondoka pwani akiwa haoni. Akafa Kornthal katika Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf alikuwa akikaa mji ule ule, akafa tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Yaliyotokea kwa mlango mwingine

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo lile lilipovunjika, kazi ilishikwa na mikono ambayo Krapf na Rebmann hawakuiwazia.

Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na watoto waliookolewa walipelekwa Bara Hindi. Wengine walisomeshwa Nasik, karibu na Bombay, wakajifunza useremala, uhunzi na kitabu. Tangu mwaka 1864 baadhi yao waliletwa Mombasa kumsaidia Rebmann, na miongoni mwao ni William Jones na Ishmael Semler. Mwishoni mwa mwaka 1874 akaja W. S. Price, na mji wa watu walioachwa huru ukaanzishwa ng'ambo ya Mombasa, ukaitwa Frere Town kwa jina la yule Sir Bartle Frere. Mji huo uko karibu na kaburi la Bibi Krapf. Kengele yake ilisikika mbali, na mahali pale hata leo paitwa Kengeleni. Mwaka 1885 Jones na Semler walifanywa mashemasi na Askofu Hannington, mwaka ule ule ambao askofu huyo aliuawa Busoga.

Hapo Rabai nako wakajaa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana wao. Walikimbilia kwa Wakristo ambao wengi wao walikuwa watumwa jana, wakajificha na kulima. Mabwana wakaghadhibika, na hatari ya vita ikawa kubwa. Mwaka 1888 George Mackenzie, wakili wa kampuni ya Waingereza, akapatana na mabwana kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru wao hapo Rabai. Mlima ule uliokuwa na kilema mmoja aliyebatizwa akafa, sasa ulijaa watu waliokuwa wameitwa mali, wakishika karatasi zisemazo kwamba si mali tena.

Na yale maneno? Kamusi ya Kinyasa, yaani maneno ya Salimini, ilipigwa chapa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa. Krapf ndiye aliyeitengeneza kwa chapa. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, yenye kurasa zaidi ya 400, ilitoka London mwaka 1882, Krapf naye akiwa amekwisha kufa. Kamusi ya Kinika ikatoka mwaka 1887. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu ambayo Rebmann aliiona, wala angaliweza kuiona kwa macho yale. Lakini kamusi ya Krapf ilifanywa upya na Binns mwaka 1925, na wanaochungua maneno ya kale ya Kimvita hawajaacha kuifungua. Hata herufi za Kirumi tunazoziandika Kiswahili leo, Krapf alikuwa mmoja wa waliozichagua mwanzo, wakati ambapo lugha hii iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Vyuo vya tenzi alivyovipata pwani, na miongoni mwavyo Chuo cha Herkali, alivipeleka Halle mwaka 1854, vikahifadhika.

Neno la kupima

Sasa yatupasa kuwa waangalifu. Ni rahisi kumaliza habari hizi kwa kusema, "Mnaona? Walimtumaini Mungu, na mwisho wakapata." Usemi huo si kweli. Hawakupata. Bibi Krapf hakupata lolote alilolitaka katika nchi hii ila mahali pa kaburi. Mringe hakupona. Kivoi aliuawa katika safari ya mgeni wake. Rebmann alikufa akijua kwamba ameacha mlimani kundi dogo tu. Waliopata ni wengine, na walipata kitu kingine: watoro walipata uhuru, nasi tulipata kamusi. Mwenye kufundisha kwamba tumaini ni njia ya kupata alitakalo atashindwa kuyaeleza makaburi haya, naye atamwacha mwenye msiba akidhani kwamba imani yake ilikuwa haba.

Mtume Paulo, katika sura ya nne ya waraka wake kwa Warumi, amweleza Ibrahimu kuwa mtu aliyetumaini pale ambapo kwa hesabu ya wanadamu hapakuwa na tumaini. Lakini Ibrahimu naye hakuona ila mwanzo wa ahadi; taifa lile hakuliona. Na nabii Habakuki, mwishoni mwa kitabu chake, alisema habari ya shamba lisilozaa na zizi lisilo na mnyama, lakini furaha yake haikuondoka, kwa kuwa haikuwa shambani wala zizini. Hilo ndilo lile egemeo tulilolitaja mwanzo.

Tena mtu aweza kuuliza kwa haki: Je, kukaa kwa Rebmann hakukuwa ukaidi tu? Wako walioona hivyo katika siku zake. Mimi najibu kwamba ukaidi na tumaini hufanana kwa nje, kwa kuwa vyote viwili havitoki mahali pake. Lakini hupambanulika kwa mambo mawili. Kwanza, mkaidi hukaa bila kufanya kazi iliyo mbele yake, akingojea ile aliyoitaka; mwenye tumaini hufanya iliyopo, hata ikiwa ni neno moja la mtumwa mmoja. Pili, mkaidi hakubali jambo litimie kwa mkono wa mwingine. Rebmann aliwapokea vijana wa Nasik, na Krapf aliyatengeneza maandishi ya mwenziwe asiyepatana naye katika shauri la kazi. Walikuwa na makosa yao, lakini hawakutaka mavuno yaitwe kwa majina yao.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, ulie na darasa la wanafunzi watatu, au mchungaji uliyetoka leo mazikoni, usimwambie mtu kwamba kamba yake haikukatika. Imekatika, mwache alie. Bibi na Bwana Krapf walimwita mtoto wao Chozi, hawakuona aibu. Kisha, wakati wake ukifika, mwonyeshe kwamba moyo una mahali pa kuegemea pasipokuwa pale kamba ilipofungwa, na kwamba kesho asubuhi iko kazi ndogo inayomngoja. Watu wa pwani husema Mungu hamtupi mja wake. Hawakusema kwamba atampa kila akitakacho, bali kwamba hamtupi. Na katika mlima wa Rabai methali hiyo imehakikishwa kwa miaka 45.